Kiapo cha Nasibu

Hata begi hakulitua. Nasibu alitoa ya moyoni palepale mlangoni: falsafa aliyokwenda kuisomea imemtoa kwenye dini, na Mungu hamwamini tena.

Bi Mwanaidi, mamake, hakulia. Aliufunga mlango, akaenda kutawadha, akarudi na msahafu mikononi.

“Unanifanyia mzaha, mwanangu. Kama ni kweli, apa.”

“Nitaapaje, mama, kwa nisiyemwamini?”

“Kumbe unamwogopa.”

“Simwogopi!”

“Basi weka mkono hapa, uape kwamba humwamini.”

Nasibu akaunyoosha mkono kwa hasira. Vidole vilipokaribia kuugusa msahafu, akakumbuka kwamba yeye hajatawadha. Mkono ukamgandia hewani, mama akiutazama.