Jina Jipya la Madame Takataka

Karani wa tribinali alipofika kwenye jina jipya, mama akakohoa kwa nguvu hadi kitambaa cha kichwa kikamdondoka.

"Soma tena," akasema hakimu.

Karani akasoma tena. Mama akakohoa tena.

Binti yake hakukasirika. Alikuwa amemweleza hakimu kwamba kwa miaka ishirini wanafunzi wake wanamwita madame Takataka, na hakimu akakubali. Sasa binti akamtazama mama yake, mzee aliyezika watoto watatu wenye majina mazuri, kisha akampa wa nne jina baya, ili kifo kimuone si kitu, kipite.

"Mama, niko na miaka makumi ine na mbili. Kilishanisahau."

"Kifo hakisahau, mwanangu. Iko inasikiliza tu."

Wakatoka na karatasi ya hukumu. Barabarani, katikati ya pikipiki, mama akasimama, akaita kwa sauti ya kufika hadi sokoni: "Takataka! Wee Takataka, tuende nyumbani!"

Halafu akavuta kichwa cha binti yake karibu na mdomo, akakinga kwa kiganja kama mtu anayezuia upepo usizime kibiriti.

"Djamila," akanong'ona.