Ukuta wa Nyuma ya Mnara

Mtandaoni watu walikuwa wakishangilia: gemu yao ya utotoni imetengenezwa upya, na hatimaye ule ufa wa nyuma ya mnara umezibwa.

Fundi cherehani aliyasoma hayo, akaiacha suruali ya mteja ikining'inia kwenye sindano, akaiwasha gemu.

Ufa ulikuwa kosa la watengenezaji tu. Lakini utotoni, walipokuwa wakicheza wawili, marehemu kaka yake alikuwa akijipenyeza humo, akicheka mpaka kushikwa na kwikwi: "Haya, nitafute basi!"

Sasa ukuta ulikuwa mzuri ajabu, jiwe kwa jiwe. Shujaa wake akaugonga, akarudi nyuma, akaugonga tena.

"Umekwama, mama watoto?" mumewe aliuliza.

Kidole gumba cha fundi hakikuachia kitufe.

"Wamemzibia ndani," alisema.