Wasio na Lebo

Wadudu wawili, mbawakavu, walikuwa mezani, weusi wenye mistari myekundu, wamefanana utadhani kurwa na doto. Lebo zao zilikuwa zimedondoka sakafuni.

"Kurwa, hebu tusaidie. Yupi ni yupi?" aliuliza Marsela, mwenzake kwenye maabara ya wadudu pale Karatu.

Aliyeitwa akashika lenzi, akahesabu pingili za vipapasio. "Huyu ana kumi na moja. Huyu tisa."

"Bahati yao," Marsela alicheka. "Wengine wakipoteza lebo ndiyo basi tena."

Yeye hakucheka. Kazi hii aliyeisomea alikuwa kaburini. Miezi minane nyuma, wakikusanya mitego ya wadudu kwenye msitu wa Ngorongoro, Kurwa aliteleza akaangukia korongoni. Pacha wake Doto, aliyekwenda kumsaidia kubeba tu, ndiye aliyerudi nyumbani. Mama yao, kama kawaida yake, hakuthubutu kubahatisha yupi ni yupi. Alimshika mashavu mlangoni, akalia, "Niambie wewe ni Kurwa. Niambie ni Kurwa wangu!"

"Ndiyo, Mama," Doto akaitikia.

Tangu siku ile, akiishi kwa jina na kazi ya nduguye, hakuwa na raha. Akiitwa kazini, aliona anaitwa marehemu. Akinyoa ndevu, macho ya kwenye kioo yalikuwa ya ndugu yake, yanamuuliza jina lake liko wapi. Alichoka. Alimuogopa hata mtu aliyemsalimia vizuri.

Jumamosi akaenda nyumbani kwao Endabash. Msalaba wa saruji wa kaburi ulikuwa unatengenezwa siku hiyo, na fundi Clemensi alishika msumari tayari kuandika "Doto" kwenye saruji mbichi.

"Ngoja kwanza," akamwambia, akaingia jikoni, akapiga magoti mbele ya mama yake.

"Mama, nisamehe. Mimi ni Doto. Tuliyemzika ni Kurwa."

Mikono ya mama ilisimama juu ya ungo wa mbaazi.

"Mlipozaliwa," alisema, "nilimfunga Kurwa uzi mwekundu mkononi. Siku ya tatu nikawaogesha pamoja. Nilipowatoa, uzi ulikuwa unaelea kwenye beseni."

Nje, Clemensi akaita, "Jamani, saruji inakauka! Niandike nani?"

"Ukafanyaje, Mama?"

"Nikamfunga aliyekuwa karibu."