Mama Mwaija Hakai Hapa

Siku hizo mwanafunzi hakupewa ruzuku ya chuo mpaka athibitishe kwamba hana mzazi wa kumtegemea. Ushahidi ulikusanywa na sikio la serikali, kidude cheusi kilichobandikwa sebuleni kwa siku tisini. Mzazi akiitika, siku zinaanza upya.

Mwaija alikuwa ameanza upya mara mbili. Mara zote jirani yao, Bi Chausiku, alisimama mlangoni akaita, "Mama Mwaija, hodi!" na mama yake akaitika, "Karibu!"

"Mwambie akuite Tatu," Mwaija alifoka. "Kwani huna jina?"

"Nilikuwa nalo. Ulipozaliwa watu wakaliacha."

"Basi lirudie! Au unataka niozee hapa nikichambua mchele kama wewe?"

Tangu siku hiyo Tatu akawa anapika chakula cha mtu mmoja. Mwaija aliugua homa wiki nzima, asipewe hata pole.

Siku ya tisini Bi Chausiku akasahau tena. "Mama Mwaija! Hodi!"

Tatu hakuinua uso kwenye ungo. "Huyo hakai hapa."

Kidude kikawaka taa ya kijani, kikazimika chenyewe. Mwaija akaruka kwa furaha. "Yameisha, mama!"

Tatu aliendelea kuchambua mchele.

"Mama? Hakisikii tena. Mama!"

"Bi Chausiku," Tatu alisema kwa upole, "hebu msaidie binti huyu. Anamtafuta mama yake."