Nafasi ya Swala Mweupe

Siku ile mjinga alikuwa Herman, na mpaka leo hakatai. Alikuwa amepiga magoti kwenye tope nyuma ya jiko la Mama Joyce, pua karibu iguse ardhi, akishangilia nyayo mpya.

"Amepita alfajiri hii hii!"

"Kunywa supu kwanza, fundi," alisema Mama Joyce. "Swala mwenyewe hana haraka kama yako."

Herman alikuwa mchoraji. Simba na tembo wa kwenye kuta za gesti za Mikumi, wengi ni wake. Safari hii alichora kundi la swala kwenye ukuta wa gesti moja, lakini katikati aliacha umbo moja bila rangi, chokaa tupu. Maana alimwona kwa macho yake: swala mweupe pee, amesimama peke yake ng'ambo ya barabara kuu, wenzake wanakula mbali naye. Mara moja tu, akatoweka.

Watu walikuwa na yao. Wengine walisema ni mzimu, wengine ni dalili ya mvua njema. Mwenye gesti alisema fundi ameishiwa rangi, akampa mpaka Jumapili ya mwisho wa mwezi: kama hawezi kummalizia, ampake kahawia kama wengine.

Herman hakutaka hata kusikia. Tangu amzike mkewe kule Kimamba, hakuwa ameona kiumbe kinachofanana naye mwenyewe kwa upweke kiasi kile. Alitaka amwone mara ya pili, amchore macho.

Siku ya kwanza nyayo zilimfikisha uani kwa Mama Joyce, mjane aliyeuza supu ya miguu ya mbuzi pembeni kabisa ya mji. Wateja wake walikuwa madereva wa malori, waliokunywa wamesimama, injini zinanguruma. Herman alikaa. Yeye na Mama Joyce walicheka mpaka supu ikapoa.

Kisha mvua kubwa ikafuta nyayo. Herman akajifungia chumbani kwake wiki nzima, mkate mkavu na redio. Ndipo simu ikalia.

"Fundi, mnyama wako amepita tena."

Tangu hapo nyayo zilionekana kila asubuhi, zikizunguka jiko na kupotelea kwenye majani. Swala Herman hakumwona, ila yeye mwenyewe alinenepa kwa supu.

Jumamosi, siku moja kabla ya muda kwisha, akamleta Koileken, mfugaji wa Kimasai ambaye aliwahi kumfuata ng'ombe aliyepotea mpaka Malolo kwa nyayo tu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nionyeshe swala wangu alikolala, nimwone leo au basi tena."

Koileken aliinama, akaenda mpaka kwenye majani, akarudi. Akajiziba mdomo kwa shuka.

"Mzee, huyu swala ni mbuzi."

"Mbuzi?"

"Tena wa mguu mmoja. Tazama, ukwato umemeguka ukingoni. Hapa umemeguka, hapa umemeguka, na pale vilevile." Akashindwa kujizuia, akacheka. "Halafu, mzee, kila anakokwenda anafuatana na ndala."

Herman alitazama ndala za Mama Joyce. Akatazama sufuria. Masikio yakamwaka moto.

"Mama Joyce! Mtu mzima na mvi zangu, unanipigisha magoti kwenye tope kwa ukwato wa supu! Mji mzima utanicheka. Sasa kesho nampaka kahawia yule swala, yaishe. Nilikukosea nini mimi?"

Mama Joyce alifunika sufuria taratibu, akajifuta mikono kwenye khanga.

"Wiki ile nyayo zilipofutika, fundi, wewe ulikuja?"