Ng'ombe Hawajarudi

"Na hiki, mama, ni cha Eva wako," mwalimu alisema, akiinua kitabu chenye picha ya fisi kwenye jalada.

Uwanja wa shule ulilipuka kwa makofi. Mezani vilipangwa vitabu vipya vya watoto, vya waandishi wa Pemba, Kigoma, Songea, na hicho kimoja cha binti wa hapa Gendabi, aliyeondoka miaka mingi iliyopita na leo tena hakuja.

Mwalimu alifungua ukurasa wa kwanza. Mama akamshika mkono.

"Usisome. Ng'ombe hawajarudi."

Nyumbani kwake hadithi haikuanzwa mchana, mifugo ikiwa malishoni. Utotoni Eva alikuwa akikimbia kufunga zizi, ili mama aanze.

"Lakini hiki ni kitabu, mama. Kinasomwa muda wowote."

"Nipe niende nacho."

Jioni mama alifunga zizi mwenyewe. Alivuta kigoda kidogo karibu na moto, akakipangusa vumbi kwa khanga, akaweka kitabu juu yake, kikiwa wazi. Yeye hakujua kusoma.

Akakaa chini, akikitazama.

"Haya, Eva," alisema. "Wameingia wote. Anza."