Tangazo Namba Saba

Tangazo namba saba lilikuwa la uongo mtupu, na Kwa Mujibu alilichapa kwa mkono wake mwenyewe, huku akicheka peke yake ofisini.

Hilo la Kwa Mujibu si jina alilopewa na mama yake. Walimu wenzake ndio waliombandika, kwa sababu kila Jumatatu alitoa Taarifa ya Wiki ya shule, karatasi mbili zilizobanwa pini, na kila tangazo lilianza kwa maneno hayohayo. Kwa mujibu wa ratiba, timu ya mpira wa wavu imefungwa tena. Kwa mujibu wa ofisi, mwalimu wa kemia amejifungua mtoto wa kike. Kwa mujibu wa kanuni, vikombe vya chai visiachwe madirishani. Mhudumu wa ofisi aliizungusha taarifa hiyo pamoja na orodha ya majina, na kila mwalimu alitakiwa kutia sahihi kuthibitisha kwamba amesoma.

Amesoma wapi! Walitia sahihi huku wakitafuna karanga, macho yako uwanjani. Kwa Mujibu aliwadharau wote bila ubaguzi. Wa hesabu alimwona mvivu, wa jiografia mpiga domo, na yule wa michezo hakumhesabu hata kuwa mwalimu. Kwake yule alikuwa filimbi tu, iliyovalishwa raba.

Sasa filimbi hiyo ilikuwa inagombea naye cheo. Nafasi ya naibu mkuu wa shule ilikuwa wazi tangu muhula uliopita, walioiomba ni wao wawili tu, na bodi ingetangaza jina Ijumaa. Kwa Mujibu aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote. Alichokosa ni ushahidi kwamba katika shule nzima mtu makini ni yeye peke yake. Ndipo akaandika, kati ya vikombe vya chai na ufunguo wa stoo uliopotea:

“7. Kwa mujibu wa hiari yake, mhariri wa taarifa hii amejiondoa katika kugombea unaibu mkuu, na anamuunga mkono mwalimu wa michezo. Mwenye pingamizi amwone mkuu wa shule kabla ya Alhamisi.”

“Watasaini wote kama vipofu,” alimwambia mkewe kwa simu. “Halafu Alhamisi nampelekea mkuu sahihi zao.”

“Na wakiliona?”

“Hao? Mke wangu, hao huwajui.”

Kwa kawaida orodha ilirudi Jumatano, imelowa chai, na majina manane au tisa hayana sahihi. Safari hii ilirudi Jumatatu hiyohiyo, kabla ya kengele ya kwenda nyumbani. Sahihi zilikuwa thelathini na moja, kamili. Hata ya mwalimu wa kemia ilikuwepo, na yeye yuko likizo na mtoto wa siku tisa.

“Mpaka wanasainiana!” Kwa Mujibu alijisemea, akaipeleka orodha kwenye faili la mkuu akiwa na furaha ya kumwaga.

Wiki ile walimu walimfurahisha zaidi. Jumanne mwalimu wa jiografia alimvutia kiti. “Kaa hapa, kaka, upumzike.” Jumatano mwalimu wa hesabu alimmiminia chai, akauliza hali ya watoto, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka sita. Mwalimu wa michezo alimshika mkono, akautikisa weee. Kwa Mujibu aliwacheka moyoni. Wamenusa kwamba cheo kinakuja kwangu, alifikiri, wameanza kujipendekeza mapema.

Alhamisi saa sita mchana aligonga mlango wa mkuu wa shule, mama mmoja mpole aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu.

“Shikamoo, mkuu.”

“Marahaba, mwalimu wangu. Kaa.”

Hakukaa. “Mkuu, tazama namba saba, halafu tazama hizo sahihi. Watu thelathini na moja! Kuna hata mmoja aliyekuja kukuuliza?”

“Hakuna,” alisema mkuu taratibu.

“Umeona? Ni uongo, mkuu! Sijajiondoa popote. Niliwatega, nao wameingia wote, kwa sababu hawasomi. Watu wa namna hii wanahitaji naibu mwenye macho.”

Mkuu alivua miwani. Uso wake ulikuwa na huruma ambayo Kwa Mujibu hakuipenda hata kidogo.

“Mwalimu, bodi ilikuwa imekuchagua wewe. Barua yako ilinifikia Jumatatu asubuhi. Nilipoona namba saba nikawapigia simu, nikawaomba wasubiri hadi leo, maana nilijua walimu watakuja kupinga.”

“Wangepinga vipi? Hawakusoma!”

“Mwalimu wa kemia alikuja na mtoto mgongoni, akasema hili atalisaini mwenyewe.”

Kwa Mujibu aliinamia orodha, akaitafuta sahihi ya mwalimu wa kemia.

“Barua ya mwenzako imetoka saa nne,” mkuu aliendelea. Akavuta droo, akatoa karatasi moja ya daftari iliyojaa sahihi juu mpaka chini, nyingine za kalamu ya risasi. “Na hii ni ya wapishi, walinzi na akina mama wa usafi. Kwenye orodha yako hawamo, lakini wameniomba nikuambie kwamba na wao wamesoma.”